Mashine ya Pumzi Isiachwe Nyumbani: Ushauri kwa Wasafiri wa Kitale na Bungoma

(Maandishi kamili ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa wakazi)



Kati ya Kitale na Bungoma watu hawaishi kusafiri. Wako wengi wanaoishi Trans Nzoia ambao makaburi ya babu zao yako Bungoma, na wako wengi wa Bungoma wenye watoto, mashamba au kazi Kitale. Mtu akifariki Chwele, jamaa hutoka Kiminini na Endebess kwenda kuomboleza. Msimu wa tohara ukifika mwezi wa Agosti, kila baada ya miaka miwili, nyumba hujaa wageni. Desemba ndiyo usiseme.

Katika safari hizo msafiri hukumbuka blanketi, dawa za presha na chaja ya simu. Lakini kuna kifaa kimoja ambacho baadhi ya watu hukiacha nyumbani kwa makusudi, nacho ni mashine ya pumzi wanayolala nayo kila usiku. Mazungumzo haya yanahusu kifaa hicho, na ujumbe wake ni mmoja: aliyepewa mashine hii na daktari alale nayo popote atakapolala.

UGONJWA WENYEWE

Wataalamu huuita apnia ya usingizi. Kwa maneno ya kawaida ni kukatika kwa pumzi usingizini. Kila mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea kiasi cha kuziba njia ya hewa. Kifua kinajaribu kuvuta pumzi, lakini hewa haipiti. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka, na mtu anakoroma kwa kishindo au anatweta. Kisha anarudi usingizini, na asubuhi hakumbuki lolote.

Pumzi ikikatika au kupungua sana mara 5 hadi 14 kwa saa, ugonjwa huhesabiwa kuwa mdogo. Kuanzia mara 15 ni wa wastani, na kuanzia mara 30 ni mkali. Mara 30 kwa saa ni sawa na mtu kutikiswa kila baada ya dakika mbili, usiku kucha. Mtu wa namna hiyo hata akilala saa tisa ataamka amechoka.

Katika nyumba nyingi kukoroma ni jambo la kuchekesha. Ni kweli kwamba si kila anayekoroma ni mgonjwa. Dalili za kutiliwa maanani ni kukoroma kunakokatizwa na kimya kisha mshtuko, kuumwa na kichwa asubuhi, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, na kusinzia mchana kanisani, kazini au kwenye usukani. Mara nyingi shahidi wa kwanza ni mke au mume, kwa sababu mgonjwa mwenyewe amelala. Ugonjwa huu huandamana na presha, maradhi ya moyo, kiharusi na kisukari. Unene huongeza hatari, lakini hata mtu mwembamba anaweza kuupata.

Wala huu si ugonjwa wa nchi za ng'ambo peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Respiratory Medicine ulikadiria kwamba watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa miaka 30 hadi 69, wana ugonjwa huu.

MASHINE HUFANYA NINI

Mashine inayotumiwa zaidi huitwa CPAP. Ilibuniwa mwaka 1980 na Dkt. Colin Sullivan na wenzake jijini Sydney, Australia, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 1981. Kazi yake ni rahisi kuelewa. Ni pampu ndogo inayovuta hewa ya chumbani, inaipitisha kwenye chujio, kisha inaisukuma kupitia mpira hadi kwenye barakoa iliyovaliwa puani au puani na mdomoni. Msukumo huo wa hewa huzuia koo lisizibe.

Mambo mawili yafahamike vizuri. Kwanza, hii si mashine ya oksijeni. Anayeivaa hayuko mahututi, na hewa anayovuta ni ile ile wanayovuta wengine chumbani. Pili, mashine haiponyi ugonjwa kama vidonge vinavyoponya malaria. Inafanya kazi kama miwani: ikivaliwa mtu anaona, ikivuliwa ukungu unarudi. Usiku wa kwanza bila mashine, koo huanza kuziba tena.

KWA NINI HUACHWA NYUMBANI

Chukulia mfano wa dereva wa lori la mahindi anayeishi Kitale. Amefiwa na mjomba wake Chwele. Siku ya Ijumaa anaondoka kwenda matangani, Jumamosi ni mazishi, na Jumapili alfajiri anatakiwa kushika usukani kuelekea Nairobi, safari ya kilomita karibu 400. Nyumbani ana mashine, na tangu aipate hajasinzia barabarani. Lakini anaiacha. Anajiuliza watu watasema nini wakimwona na mpira usoni. Anajiuliza stima itakuwapo au la. Tena anaogopa mashine yenyewe itavunjika ndani ya matatu.

Kwa hiyo analala matangani usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi bila mashine. Pengine anapewa busaa au chang'aa, na pombe hulegeza koo zaidi na kuzidisha kukatika kwa pumzi. Jumapili anapopita Timboroa ana deni la usingizi wa siku mbili, na nyuma yake kuna tani za mahindi. Gari linalokuja mbele yake limejaa watu wasiojua lolote kuhusu mashine iliyoachwa Kitale.

Sababu zake tatu, yaani aibu, stima na hofu ya kuvunjika, ndizo za watu wengi. Kila moja ina jibu.

NJIANI

Hofu ya kuvunjika ndiyo rahisi kuondoa. Kabla ya kuondoka, mwaga maji yote yaliyo katika chombo cha kutia hewa unyevu na ukikaushe. Maji yakimwagikia ndani ya mashine wakati gari linaporuka mashimo, yanaweza kuiharibu. Tia mashine, mpira, barakoa na waya katika begi lake. Usisahau waya, kwa maana mashine nzima bila waya wake ni mzigo tu.

Ndani ya matatu, begi hilo likae mapajani mwa mwenyewe. Lisifungwe juu ya gari, wala lisiingizwe kwenye buti chini ya gunia la viazi. Makanga akisisitiza, aelezwe kwa upole kwamba ni kifaa cha matibabu. Kwenye boda boda, begi la kubeba mgongoni ni salama kuliko kufungwa kwa mpira nyuma ya kiti. Vumbi na mvua ni maadui, kwa hiyo begi lifunikwe na chujio la akiba lichukuliwe. Chujio likibadilika rangi kwa vumbi, libadilishwe, au lioshwe kama ni la aina ya kuoshwa.

Pamoja na mashine, beba barua fupi ya daktari inayotaja ugonjwa, aina ya mashine na kiwango cha msukumo kilichowekwa. Barua hiyo husaidia kwenye ukaguzi na hospitalini. Anayevuka mpaka Malaba, Lwakhakha au Suam kwenda Uganda abebe pia risiti ya kununulia, ili asidhaniwe anaingiza bidhaa ya kuuza. Soketi za Uganda ni za matundu matatu kama za Kenya, kwa hiyo plagi haitamsumbua.

Kuhusu mwinuko, Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma takriban mita 1,400. Mashine nyingi za siku hizi hujirekebisha zenyewe. Za zamani huhitaji kurekebishwa kwa mkono, na maelezo yamo katika kitabu chake. Anayekwenda kulala juu sana, kwa mfano kwenye miteremko ya Mlima Elgon, asome kwanza kiwango cha mwisho kilichoandikwa na watengenezaji. Kwa mashine nyingi ni karibu mita 2,500.

STIMA IKIPOTEA

Stima hupotea mjini na mashambani, na mwenye mashine hana budi kujipanga mapema. Mashine nyingi hukubali stima ya volti 100 hadi 240, hivyo stima ya Kenya inafaa. Tatizo ni stima inayopanda na kushuka ghafla. Kile kifaa kinachowekwa kulinda televisheni au friji kinafaa pia kulinda mashine ya pumzi. Kama matangani kuna jenereta inayoendesha spika na taa, usiunganishe mashine kwenye waya huo huo wa spika.

Kwa mahali pasipo na stima, kuna betri. Hesabu yake iko hivi. Mashine inayotumia wati 30 kwa saa 8 inahitaji wati-saa 240. Betri ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu kabla ya kuchajiwa. Zinabaki 600, nazo hutosha usiku mmoja kwa raha, na wa pili kama hakuna kinachopotea njiani. Inveta nayo hula sehemu yake, kwa hiyo ni heri kutumia waya maalumu wa mashine hiyo unaounganishwa moja kwa moja na betri. Soma wati za mashine yako nyuma yake kabla ya kupiga hesabu. Zima kipasha joto cha maji, kwa sababu ndicho kinachokula moto mwingi. Sola ndogo ya taa tatu na kuchaji simu haiwezi kazi hii.

Dereva anayelala ndani ya lori akumbuke kwamba malori mengi hutumia volti 24 na magari madogo volti 12. Waya usiolingana unaweza kuunguza mashine. Asiwashe injini mashine ikiwa imeunganishwa, na asilale ndani ya gari lililofungwa injini ikinguruma, kwa sababu moshi wake unaua.

Stima ikikatika usiku wa manane na betri haipo, vua barakoa. Lala ubavu, usilale chali, na inua kichwa na mabega kwa mito. Wengine hushona mfuko mgongoni mwa fulana na kutia mpira mdogo ndani, ili mwili ukigeuka chali uamke. Usinywe pombe wala dawa za usingizi. Kisha asubuhi yake mpe mtu mwingine usukani, hata kama safari ni ya kutoka Webuye hadi Misikhu tu. Mbinu hizi zinapunguza madhara kwa usiku mmoja, lakini hazichukui nafasi ya mashine.

CHUMBANI KWA MWENYEJI

Kitale na vitongoji vyake usiku kuna baridi, na watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani. Jambo hili ni hatari kwa kila mtu, na mwenye mashine asidhani amekingwa. Chujio la mashine huzuia vumbi. Halizuii gesi ya makaa, ambayo haina rangi wala harufu na imeua familia nzima zikiwa zimelala. Jiko likae nje, na baridi ishughulikiwe kwa blanketi.

Mashine iwekwe juu ya meza au kiti imara, isiwekwe sakafuni penye vumbi, wala karibu na dawa ya mbu inayofukizwa, wala katika chumba kimoja na moto wa kuni. Upande inakovutia hewa usizibwe na nguo au pazia. Matundu madogo ya barakoa nayo yasifunikwe na blanketi, kwa kuwa ndiyo njia ya kutolea hewa chafu. Bungoma malaria ipo, kwa hiyo neti haiepukiki. Mashine inaweza kukaa nje ya neti, mpira ukapitishwa chini ya ukingo wake, kisha neti ikachomekwa vizuri chini ya godoro.

Maji ya kutia katika chombo cha unyevu yawe yale yaliyotolewa chumvichumvi, yanayopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa. Yasipopatikana, maji ya kunywa yaliyochemshwa na kupoa yanaweza kutumika kwa usiku mmoja au miwili. Maji ya mtoni au ya tangi yasiyochemshwa yasitumike. Yeyote anayenunua maji ya betri kwenye kituo cha petroli ajue kwamba hapo hapo huuzwa pia asidi ya betri, na kosa hilo halina msamaha. Ni salama zaidi kulala bila maji kabisa. Mashine itafanya kazi, ila koo litakauka kidogo.

Sasa aibu. Hii dawa yake iko mikononi mwa mwenyeji kuliko mgeni. Mgeni anaweza kusema mapema, kwa simu, "Mama, ninalala na mashine ya kunisaidia kupumua, naomba mahali karibu na soketi." Mwenyeji mwema hatauliza maswali mengi. Atampa nafasi pembeni, atawaambia watoto wasivute mpira, na atakayetaka kucheka ataambiwa kwamba miwani ya babu nayo ni mashine. Kelele za mashine nyingi ni ndogo kuliko za mkoromo inaouzuia. Wageni wanaolala pamoja sebuleni ndio watakaoshukuru kwanza.

SAFARI ZA MBALI NA HOSPITALINI

Anayesafiri kwa basi la usiku kutoka Bungoma hadi Nairobi au Mombasa ajue kwamba tundu la kuchajia simu ndani ya basi haliwezi kuendesha mashine. Kwake safari ya mchana inafaa zaidi.

Anayepanda ndege Eldoret au kwingineko abebe mashine mkononi, asiikabidhi pamoja na masanduku. Kwenye ukaguzi huenda akaombwa kuitoa ndani ya begi, hivyo ni vizuri barakoa iwe ndani ya mfuko wake safi. Mashirika mengi ya ndege huihesabu kuwa kifaa cha matibabu, mbali na mzigo wa kawaida, lakini ni busara kuuliza shirika husika kabla ya siku ya safari. Betri za akiba za lithiamu hubebwa ndani ya ndege pamoja na abiria, si katika mizigo ya chini. Zisizozidi wati-saa 100 kwa kawaida hukubaliwa. Za kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Zaidi ya hapo abiria hawezi kusafiri nazo.

Safari nyingine muhimu ni ya kwenda hospitalini. Anayelazwa Kitale, Bungoma, Webuye au katika hospitali ya Moi mjini Eldoret aende na mashine yake. Kama atafanyiwa upasuaji, amwambie daktari wa dawa za usingizi kwamba ana ugonjwa huu. Dawa hizo na za kutuliza maumivu makali hulegeza koo na kupunguza pumzi, na daktari anayejua mapema hujiandaa mapema.

MASHINE ZA MITUMBA

Mashine hizi ni ghali, na baadhi ya watu hutumiwa zilizotumika na jamaa walio ng'ambo. Anayepokea mashine kama hiyo afanye mambo matatu. Apeleke kwa daktari iwekewe kiwango chake mwenyewe, kwa maana kiwango cha mtu mwingine hakimfai. Abadilishe barakoa, mpira na chujio. Na aangalie nambari ya mashine, kwa sababu mwezi wa Juni mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kurudisha mamilioni ya mashine zake, baada ya kubainika kwamba sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani inaweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Nambari hiyo huonyesha kama mashine ni miongoni mwa hizo.

Kwa asiye na mashine lakini anazitambua dalili zilizotajwa, hatua ya kwanza ni kituo cha afya kilicho karibu. Aende na mtu anayelala naye chumba kimoja, akaeleze anachokisikia usiku. Daktari akiona haja atampeleka kwa mtaalamu, apimwe anapolala. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini naye anaweza kumwelekeza.

Kwa aliye nayo tayari, begi la mashine likae mlangoni pamoja na viatu vya safari, na waya ukaguliwe kabla ya kufunga mlango. Safari njema.